Kitanda Kimoja, Vikombe Viwili

Kazi yangu ni kukaa mlangoni mwa duka kubwa na kukagua mifuko ya watu wanaotoka. Mtu akininunia, namkagua juu juu. Akinichekea sana, mfuko wote unamwagwa mezani. Kwa hiyo siku shemeji yangu alipoingia uani na basi dogo la shule lililochoka, akashuka akicheka meno yote nje, nilijua hapo pana jambo.

"Shemeji, hili ni nini?" nikamuuliza.

"Hii ni nyumba."

"Nyumba ina magurudumu?"

"Ndiyo raha yake, shemeji. Jirani akikuudhi, unawasha."

Sikucheka. Nilizunguka lile basi nikigonga mabati. Ubavuni bado yalionekana maandishi ya shule yaliyopakwa rangi juu juu, na ndani kulinuka kalamu za risasi na jasho la watoto. Viti vyote vilikuwa vimeshang'olewa. Mtu hang'oi viti vya gari zima kama hana mpango, na mtu mwenye mpango ambaye hajamwambia mkewe, mimi namweka kwenye kundi la wale wanaotoka dukani na koti zito wakati wa joto.

Huyu ni mume wa dada yangu mkubwa. Huko kwenye malori walimwita Mshale, kwa sababu hakuwa na tabia ya kusimama. Aliendesha lori la masafa marefu tangu hana ndevu mpaka ndevu zikaota na kuingia mvi. Anaweza kumenya yai la kuchemsha kwa mkono mmoja huku anakata kona, na ganda lisianguke. Lori lao lilikuwa na madereva wawili na kitanda nyuma ya viti. Mmoja akishika usukani mwenzake analala, wanabadilishana hivyo mpaka mzigo ufike. Hata nyumbani Mshale alilala usingizi wa zamu. Kimya kabisa, hata pumzi huisikii, na ukigusa tu kitasa cha mlango anakurupuka na kuuliza, "Tumefika wapi?"

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, futi ya kamba shingoni asubuhi mpaka jioni, nadhani hata akioga anaitundika karibu. Ni mtu wa mwili, akisimama mlangoni mwanga unaomba njia. Ndoa yao niliiona kwa karibu kwa sababu naishi chumba cha uani. Mume alikuwa anafika alfajiri wakati mke anaamka, anajitupa upande ule ule wenye joto. Akiamka alasiri, mke yuko kwenye cherehani na marundo ya sare hadi magotini. Mke akienda kulala, mume keshaondoka. Kitanda chao hakikuwahi kupoa, lakini pia hakikuwahi kujaa.

Basi Mshale alipostaafu, dada alifurahi kuliko bibi harusi. Alishona mapazia mapya ya chumbani. Alinunua sufuria kubwa kidogo. Akawa anasema, "Sasa nitamjua huyu mwanamume," kama vile watoto wao wawili, ambao sasa wana nyumba zao, waliletwa na posta.

Halafu likaja basi.

Mpango wenyewe tuliusikia mezani. Mshale alibandika ramani kubwa ukutani, juu ya redio, akaanza kutuonyesha hifadhi za taifa moja baada ya nyingine, kidole kikitembea kwenye barabara alizozijua kama mistari ya kiganja chake. Ziwa lile lenye viboko. Msitu ule wa sokwe. Nyika zile za twiga na tembo.

"Safari ndefu, ya taratibu," akasema. "Hakuna mzigo, hakuna bosi, hakuna haraka. Miaka yote nimepita kando ya hizi mbuga sijaziona. Tembo kwangu alikuwa kitu cha kuchelewesha gari."

"Unaondoka lini?" nikauliza.

"Gari litatoka mvua zikikatika."

"Na nani?"

"Gari litabeba watu wawili vizuri tu," akasema, akanyanyuka kwenda kunawa mikono.

Mmeona hapo? Madereva wa malori wana tabia hiyo, kila kitu kwao kinafanywa na gari. Gari limechoka, gari limelala njiani, gari halina pesa. Wao wenyewe hawamo. Nilimtazama dada. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

Jioni ile nilimfuata kwenye cherehani.

"Amekwambia uende?"

"Hajaniambia."

"Muulize."

"Siulizi," akasema, mguu ukikanyaga kwa nguvu. "Mwanamke wa umri wangu haombi lifti kwa mume wake."

"Basi labda anajua tu kwamba utakwenda."

"Anajuaje? Maisha yangu yote huyu mtu anafunga begi, mimi nashika mlango. Nilisema siku atakapoacha kazi ndiyo siku nitakayoolewa. Sasa ameacha kazi na anaondoka tena." Akasimamisha mashine. "Mdogo wangu, nakwambia wewe tu. Akienda safari hii bila mimi, akirudi atakuta nimebadilisha kitasa."

Namjua dada yangu. Akisema sare ya mtoto itakuwa tayari Jumatatu, Jumatatu inakuwa tayari. Nikaona kuliko kungoja mvua zikatike, afadhali nimkague huyu bwana mfuko mapema.

Kwa wiki kadhaa nikawa sina mapumziko. Siku yangu ya kutokwenda kazini nilikuwa nakaa kwenye kizingiti cha chumba changu nachambua mboga zilezile mara tatu, macho kwenye basi. Mshale alikuwa anapiga misumari, anaimba, anakwangua kutu. Akitoka kununua mbao, mimi ndani.

Nilichokikuta sikukipenda. Kulikuwa na jiko la gesi la plati mbili, tangi la maji, kabati la nguo. Kulikuwa na sahani mbili, vikombe viwili vya bati, stuli mbili za kukunja. Na kulikuwa na kitanda kimoja. Hakikuwa kitanda cha watu wawili, wala cha mtu mmoja anayejiheshimu. Kilikuwa ubao mwembamba uliobanwa nyuma ya kiti cha dereva, na juu yake godoro lililokatwa kwa kisu kufuata ubao. Na juu ya godoro, mto. Mto mpya, laini, umetariziwa maua pembeni.

Sasa nifuatilieni. Mshale halalii mto. Tangu nimjue, analala kichwa juu ya koti lililokunjwa. Mto wa maua ni wa nani? Vikombe viwili maana yake watu wawili. Kitanda kile dada yangu haenei hata akilala ubavu na kushika pumzi. Kwa hiyo mtu wa pili ni mtu anayeenea. Ni mtu mwembamba.

Na mtu mwembamba nilikuwa namfahamu. Yupo karani kwenye yadi ya malori alikofanyia kazi Mshale, msichana wa kiuno cha chupa ambaye madereva wote wanampigia simu hata kwa mambo yasiyohitaji simu. Na Mshale siku hizi alikuwa na simu zisizoisha. Ikilia anatoka nayo mpaka getini, anaongea mgongo kwetu, anacheka chini chini. Nikipita na ndoo anabadilisha sauti: "Ndiyo, ndiyo, matairi manne." Matairi yalikuwa yameshafungwa zamani.

Sikumwambia dada. Nilivaa nguo zangu za kazi, zile za sare zenye vifungo vya shaba, zinasaidia watu kujibu maswali, nikaenda yadi.

Karani alikuwa nyuma ya dirisha la kioo, anapaka mafuta mikono. Akaniamkia vizuri. Nikamwitikia vizuri. Nikamwuliza kuhusu Mshale, akacheka sana, na mnajua mimi na watu wanaocheka.

"Mzee Mshale! Jana tu tumeongea," akasema. "Hachoki yule."

"Mnaongea nini, mdogo wangu?"

"Aa, mama, aliniambia nisiseme."

"Sema tu. Mimi ni mtu wa nyumbani."

Akatazama vifungo vyangu. "Amenisumbua nimtafutie chuo cha udereva. Chenye mwalimu mpole. Si chake yeye, ni cha mwanamke. Mtu mzima, ambaye hajawahi kushika usukani. Anataka ajue kuendesha kabla safari haijaanza."

"Mwanamke gani?"

"Hakumtaja. Alisema tu ni mtu ambaye akiwa naye kwenye gari, hana wasiwasi."

Nilishika ukingo wa dirisha. Kumbe hata si huyu wa kiuno cha chupa. Huyu ni mwingine, tusiyemjua, anayenunuliwa mto wa maua na kutafutiwa mwalimu mpole! Dada yangu huyo, kwenye maisha yake yote, kitu pekee alichofundishwa na mume wake ni namna ya kufungua geti kubwa bila kupiga kelele.

Nilirudi mbio mbio, jasho linanitoka, nikamkuta dada anapiga pasi kola za sare. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, kitanda, mto, getini, chuo. Alinisikiliza pasi ikiwa mkononi mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua.

"Mpaka kola umeniunguzia," akasema. Aliichomoa pasi kwenye umeme, akavuta futi shingoni, akatoka. Nilimfuata. Nisingekosa hilo kwa lolote.

Mshale alikuwa ndani ya basi, amepiga magoti, anafunga bawaba ya kabati. Dada alipanda, gari likainama upande mmoja. Alitandaza futi kukata upana wa kitanda, akasoma, kisha akaizungusha kwenye nyonga zake mwenyewe, akasoma tena. Halafu akamshikia mumewe ile futi mbele ya macho, kidole kwenye namba.

"Hiki kitanda ni cha nani?"

"Cha kulalia," akasema Mshale.

"Anayelalia nani?"

"Aliye zamu ya kulala."

"Usinipige chenga, wewe bwana! Mwanamke unayemtafutia chuo cha udereva ni nani?"

Mshale alinitazama mimi. Nikamtazama vilevile, sijawahi kumwogopa mtu niliyemkuta na mfuko mkononi. Akaweka bisibisi chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa zawadi yake na mtu mwingine.

"Ilikuwa nije nikwambie wiki hii," akamwambia dada. "Chuo kikishapatikana. Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wewe ndiye dereva wa pili."

Nje mtu alikuwa anamwaga maji.

Mshale akakaa kwenye ule ukingo wa kitanda. Hajui kuongea sana, maneno yake huwa ni ya njiani: mafuta, mizani, daraja limekatika. Lakini siku ile alijikaza. Akasema kwamba kwenye kazi yao unaweza kula na mtu yeyote, ukacheka na yeyote, ukamwazima yeyote jeki. Ila kulala gari likiwa mwendo, na mtu mwingine ameshika usukani, hapo ndipo unapomkabidhi roho yako. Kwa miaka yote ile alimpata mmoja tu wa kumwamini hivyo akalala, mwenzake wa lori, naye keshafariki. Wengine alikuwa anafumba macho tu.

"Nikakaa nikawaza," akasema. "Nikajiuliza, sasa nimebaki na nani ambaye akishika usukani nitalala kweli? Nikaona ni mke wangu. Basi nikajenga gari, kitanda kwa vipimo vya kile cha lori. Mto ni wako. Nimeona huwezi kulalia koti."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Uongo naujua, una jasho lake na haraka yake. Huu haukuwa na jasho. Nilijikuta natazama vile vikombe vya bati kwa sababu sikujua pa kutazama.

Dada alikaa kwenye stuli. Ikalia chini yake.

"Kwa hiyo mimi nikiendesha, wewe unalala," akasema taratibu.

"Ndiyo."

"Na wewe ukiendesha, mimi nalala."

"Hapo hapo."

"Na twiga tutamwona saa ngapi?"

Mshale alifikiri. Alifikiri kweli, si utani. "Atakayekuwa zamu atamwona. Mwenzake akiamka, atamsimulia."

Nilidhani dada atacheka, maana mimi kicheko kilikuwa kimeshafika kooni. Lakini niliona kidevu chake kinatetemeka.

"Wewe mwanamume," akasema. "Nimeolewa na wewe nikiwa msichana. Nikilala uko barabarani. Ukilala niko kwenye mashine. Watoto wamekua hatujawahi kuwaona wakicheza sisi wawili kwa pamoja, kila mmoja anamsimulia mwenzake. Leo unanitafutia chuo nikasomee mambo yale yale, tukayafanye mbele ya tembo?"

"Lakini mke wangu, gari la watu wawili…"

"Gari la watu wawili linasimama! Giza likiingia linasimama, watu wanalala, kukikucha linakwenda."

"Lisimame," akasema Mshale, na naapa aliuliza kwa dhati kabisa, "lisimame lifanye nini?"

Dada akafuta macho kwa ncha ya futi. "Lisimame nikuone."

Mshale aliinamisha kichwa. Alikuwa anasugua magoti kwa viganja kama mtu anayeongea na wakubwa. Mwisho akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi sijui kulala gari likiwa limesimama. Likisimama naamka. Nadhani kuna kitu kibaya."

"Utajifunza," akasema dada. "Chuo mimi siendi. Utakwenda wewe." Akanyanyuka, akatandaza futi sakafuni kutoka ubavu mmoja wa basi hadi wa pili, akaweka alama kwa chaki ya ushonaji. "Kitanda kifike hapa."

"Hapo meza haitaenea."

"Tutakula nje."

"Na kabati?"

"Una nguo ngapi za kuweka kabatini?"

Mshale alitazama alama ya chaki kwa muda, akamtazama mkewe kutoka juu mpaka chini kama anayepima mzigo mpya, akaenda kuchukua msumeno.

Sikuamini mara moja, msije mkanifikiria vibaya. Mtu anaweza kulia leo na kesho akakata ubao mwembamba vilevile. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa naingia na futi ya dada kupima mwenyewe. Kitanda kilipanuka kweli. Kulitokea mto wa pili, wa kitambaa cha sare kilichobaki, wa Mshale. Mapazia ya chumbani, yale mapya, dada aliyakata akayafupisha kwa madirisha ya basi. Karani nilimkuta sokoni, nikamwambia chuo hakihitajiki tena, akasikitika, alikuwa ameshapata mwalimu mpole sana.

Mvua zilipokatika waliondoka. Asubuhi tu, bila shamrashamra. Mshale alipiga honi ya lori aliyoifunga kwenye lile basi dogo, mtaa mzima ukaruka. Dada alikaa kiti cha mbele, futi shingoni, sijui alikuwa anakwenda kumpima nani. Geti kubwa nililifungua mimi, nikalifunga mimi, nikarudi uani palipokuwa na doa la mafuta tu pale basi liliposimama. Nikajiambia, mpaka jioni yule bwana atakuwa ameshasahau. Barabara itamnoga, mguu utakuwa mzito kwenye mafuta, na dada yangu atavuka hifadhi tatu amefumba macho.

Siku ya tatu, mchana, nikiwa mlangoni kwenye kazi yangu, simu ikatetemeka. Ilikuwa dada.

"Mko wapi?" nikauliza.

"Nyikani huku." Alikuwa ananong'ona.

"Mbona unanong'ona? Kuna nini?"

"Tulikuwa tumelala. Mimi ndiyo nimeamka sasa hivi."

"Mchana wote huu? Mmelala nani na nani?"

"Sote."

"Sasa nani anaendesha?"

"Hakuna anayeendesha, mdogo wangu. Gari limesimama."

"Limeharibika."

"Halijaharibika. Alikuja twiga akala majani hapo dirishani, tukamwangalia mpaka akaondoka. Sote wawili. Halafu tukajinyoosha."

Sikuridhika. Nilimwambia asogeze simu, nisikilize kama injini kweli imezimwa au wananidanganya ili nisiwe na wasiwasi. Akasogeza. Kwanza nilisikia upepo, na ndege fulani. Injini sikuisikia. Kisha nikasikia mngurumo mwingine, mzito, unapanda unakatika, unapanda tena bila haraka yoyote, na ilinichukua muda kutambua ni kitu gani, kwa sababu kwa miaka yote niliyoishi nyuma ya nyumba ile sikuwahi kukisikia. Mshale alikuwa anakoroma.

"Umesikia?" dada akanong'ona.

Nikamwambia nimesikia. Mteja mmoja alikuwa ameshafika mbele yangu na mfuko mkubwa, ananichekea meno yote nje. Nikampungia mkono apite.